Vumbi la Basi: Fasili ya Mzaha na Majina ya Mitishamba katika Kiswahili

Ikisiri

Majina mengi ya mitishamba yamo katika kamusi za Kiswahili, lakini msomaji anayeyatafuta mara nyingi huambiwa tu kwamba ni "aina ya mmea" au "aina ya mti". Makala hii inafafanua jinsi fasili ya mzaha inavyozaliwa katika pengo hilo, kanuni zinazoiongoza, na athari zake kwa maarifa ya mimea. Mifano minne inachunguzwa: kivumbasi, mwarobaini, kifauongo na mwingajini. Hoja kuu ni kwamba mzaha hustawi pale fasili ya kweli ilipokonda, na kwamba baadhi ya mizaha huhifadhi sifa za mmea ilhali mingine huzifuta. Kwa kuwa mimea hii ni dawa, na mmojawapo una sumu, tofauti hiyo ina uzito.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekulia mbali na pwani akikutana na neno kivumbasi hana mahali pa kuliegemeza. Hajauona mmea wenyewe, na fasili fupi ya kamusi haimwonyeshi. Anachobaki nacho ni umbo la neno. Akilitazama umbo hilo, masikio yake husikia vumbi, kisha basi. Hapo fasili hujitunga karibu yenyewe:

kivumbasi nm: mmea wa kando ya barabara, jina lilitolewa na abiria aliyechelewa, akakuta vumbi, basi limekwisha kwenda.

Darasa likicheka, hakuna ubaya. Hata hivyo, kicheko hicho kina maelezo yake ya kiisimu, na kina gharama yake. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kamusi za lugha moja zimeongezeka, ikiwamo Kamusi la Kiswahili Fasaha ya BAKIZA mwaka 2010 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA mwaka 2015. Idadi ya vidahizo imekua. Swali linalobaki ni kama msomaji akifika kwenye jina la mmea anaupata mmea, au analipata jina tupu.

2.0 Kanuni za Fasili ya Mzaha

Fasili ya mzaha haichekeshi kwa sababu ni uongo mtupu. Huchekesha kwa sababu inafuata kanuni za fasili halisi kwa utiifu mkubwa, kisha inazielekeza mahali pasipotarajiwa. Kanuni tatu hujitokeza.

Kwanza, inavaa sare ya kamusi. Tangu Aristotle, fasili njema imetakiwa kutaja jamii ya kitu, kisha sifa zinazokitenga na wenzake. Fasili ya kivumbasi iliyotungwa hapo juu inaanza na jamii ("mmea wa kando ya barabara"), ikafuata sifa bainishi. Mtungaji akisema tu "kivumbasi ni kitu cha kuchekesha", hakuna atakayecheka, kwa kuwa sare haipo.

Pili, inasoma mofolojia upya. Mtungaji hulikata neno mahali ambapo lugha haikulikata. Katika kivumbasi, kiambishi ki- kinakubalika, lakini sehemu inayofuata inagawanywa kuwa vumbi na basi kwa nguvu ya sauti pekee. Zaidi ya hayo, neno basi lina maana mbili, gari la abiria na tamko la kukoma, na zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja: gari limekwenda, na safari imekoma.

Tatu, inaegemea maisha yanayojulikana na wasikilizaji. Anayemwelewa abiria aliyeachwa na gari ndiye atakayecheka. Mzaha unaohitaji maelezo marefu umekwisha kufa kabla ya kufika mwisho.

Mfano wa mwarobaini unaonyesha kanuni hizi zikifanya kazi ndani ya sarufi yenyewe. Katika Kiswahili, mti huwa katika ngeli ya M-/MI- na tunda lake huchukua umbo jingine: mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa. Mtungaji wa mzaha huifuata kanuni hiyo bila kuchoka: ikiwa ni hivyo, mwarobaini huzaa arobaini. Na kwa kuwa Waswahili husema kuwa siku za mwizi ni arobaini, fasili inapatikana:

mwarobaini nm: mti ambao mwizi hapumziki chini yake, kwa kuwa unazaa arobaini yake.

Sarufi ni sahihi, methali ni sahihi, na matokeo hayapo duniani. Jina halisi linatokana na imani kwamba mti huo, wenye asili ya Bara Hindi, hutibu maradhi arobaini. Kwa hiyo hata jina la kweli lina chumvi ndani yake.

3.0 Mzaha Unaohifadhi na Mzaha Unaofuta

Si mizaha yote inayoutendea mmea jambo moja. Kifauongo, ambao baadhi ya wasemaji huuita kifaurongo, ni mmea ambao vijani vyake hujikunja mara vinapoguswa. Kinachosababisha hali hiyo ni maji kuhama kwa haraka kutoka katika seli zilizo kwenye viungo vya chini ya majani. Baada ya dakika kadhaa maji hurudi na majani hufunguka. Jina lenyewe ni sentensi fupi: kinachokufa kwa uongo. Mtungaji anaweza kusema:

kifauongo nm: mmea unaozimia mdai anapobisha hodi, ukazinduka akishaondoka.

Msomaji aliyecheka hapa ametoka na kitu. Akiupita mmea huo njiani na kuugusa, atautambua, kwa kuwa mzaha umebeba sifa zake mbili za kweli: kujikunja unapoguswa na kufunguka baadaye. Mdai ni wa kubuni. Tabia ya mmea si ya kubuni. Huu ni mzaha unaohifadhi.

Kivumbasi kiko upande wa pili. Mmea huo ni wa jenasi Ocimum, jamaa wa mrehani na mnanaa. Sifa yake kubwa ni harufu kali ya majani, na ndiyo iliyowafanya watu wautumie kufukuza mbu. Fasili ya abiria na vumbi haitaji harufu, wala jani, wala mbu. Anayeikumbuka ameukumbuka mzaha na kuupoteza mmea. Huu ni mzaha unaofuta.

Tofauti hii inaonekana kwa ukali zaidi katika mwingajini. Jina hili linaundwa na kitenzi winga, chenye maana ya kufukuza, pamoja na nomino jini: ni mmea unaofukuza majini. Kitenzi hicho kimefifia katika matumizi ya kila siku. Kijana wa leo akisikia winga humfikiria mchezaji wa pembeni uwanjani, au dalali wa mitaa ya Kariakoo anayemwinda mteja na kumpeleka dukani. Fasili ya mzaha inafuata:

mwingajini nm: dalali anayewatafutia majini nyumba za kupanga.

Kicheko hiki kimegeuza maana juu chini. Aliyekuwa akiwafukuza majini sasa anawaleta mjini. Kiisimu, huu ni ushahidi mzuri wa jinsi kitenzi kikongwe kinapokufa na neno la mkopo kuchukua kiti chake. Lakini mmea unaoitwa hivyo, Senna occidentalis, una mbegu zenye sumu inayodhuru ini, misuli na ubongo. Nchini India, watoto wamefariki baada ya kula mbegu zake. Mmea huu huota wenyewe kwenye viwanja na kando ya njia, mahali ambapo watoto hucheza. Kizazi kinacholijua jina kwa mzaha wa dalali pekee kimenyimwa habari ambayo kila mzazi angeihitaji.

4.0 Je, Kamusi Ikatae Mzaha?

Historia ya kamusi haiungi mkono marufuku. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alilifasili neno la shayiri ya farasi kwa kuwachokoza Waskoti, na hata kazi yake mwenyewe ya utunzi wa kamusi aliifanyia dhihaka. Kamusi hiyo haikupoteza heshima.

Mfano ulio karibu zaidi na mada hii unatoka Ujerumani. Pschyrembel, kamusi ya tiba inayotegemewa na madaktari, iliingiza mwaka 1983 kidahizo cha chawa anayekula mawe, mdudu aliyebuniwa na mchekeshaji Loriot na kupewa jina la kisayansi Petrophaga lorioti. Kidahizo kilipoondolewa katika toleo la mwaka 1994, wasomaji walilalamika, na mwaka 1997 kikarudishwa. Mzaha huo haukumdhuru mgonjwa yeyote kwa sababu mbili. Jina la mchekeshaji lilikuwa ndani ya jina la mdudu, kama saini. Na maelfu ya vidahizo vilivyouzunguka vilikuwa sahihi na kamili. Mzaha ulikaa juu ya msingi imara.

Majina ya mitishamba ya Kiswahili bado hayana msingi huo kila mahali. Penye fasili isemayo "aina ya mmea" na kunyamaza, mzaha hauna ukweli wa kuuchezea. Unakuwa peke yake, na kilicho peke yake hukumbukwa kama ndicho.

5.0 Hitimisho

Tiba ya fasili ya mzaha ni fasili ya kweli iliyoshiba. Kidahizo cha jina la mmea kinapaswa kutaja angalau umbo la mmea, sifa moja inayoonekana au kunusika, matumizi yake, tahadhari pale ilipo sumu, na jina la kisayansi. Kwa mfano:

kivumbasi nm vi- [ki-/vi-]: mmea mdogo wa jamii ya mnanaa wenye majani yanukiayo kwa ukali, ambayo hutumiwa kufukuza mbu, jenasi Ocimum.

Jina la kisayansi lina faida ya pekee nje ya pwani. Mwanafunzi wa Kampala akiona Ocimum anaweza kugundua kwamba ndugu wa mmea huo anaota nyumbani kwao kwa jina la mujaaja, na majani yake hutiwa katika chai. Kilichokuwa neno geni la pwani kinakuwa harufu anayoijua tangu utotoni.

Darasani, mazoezi ya kutunga fasili za mzaha yanafaa kuendelea, kwa kuwa yanafundisha ngeli, uundaji wa maneno na umbo la fasili kwa pamoja. Yanahitaji sharti moja: kila anayetunga mzaha aandike chini yake fasili ya kweli ya mmea huohuo, na mzaha upimwe kwa idadi ya sifa za kweli ilizozibeba. Kwa kipimo hicho, mdai wa kifauongo atapata alama za juu, abiria wa kivumbasi atapata chache, na dalali wa majini atarudishwa akaulize mbegu zina nini.