KENYA: AKINA MAMA WALIOPOTEA MUKURU

Mukuru ni mtaa wa vibarua wa viwanda vya Nairobi. Julai 2024, maiti za akina mama ziliopolewa humo ndani ya magunia, kwenye machimbo ya mawe yaliyogeuzwa jaa la taka, karibu na kituo cha polisi. Polisi walisema mshukiwa alikiri kuua wanawake 42, wa kwanza akiwa mkewe; wakili wake alidai mteja wake aliteswa. Agosti, kabla ya kujibu mashtaka, mtu huyo alitoroka mahabusu.

Kenya ina sheria ya 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani. Lakini sheria haimtafuti mtu asiyeulizwa. Mwenzetu akija kazini na majeraha, kisha asionekane, tusiseme ni mambo ya mume na mke. Tuulize, tukatoe taarifa, tufuatilie.