Lastiki Ndiyo Mtaji: Nguo za Kuogelea Katika Mivumba ya Arua na Koboko

Robota la mivumba, yaani mitumba, likifunguliwa sokoni Arua, mikanda ya plastiki hukatwa mmoja mmoja, na mzigo wa kilo 45 uliobanwa kwa mashine ng'ambo huanza kuvimba wenyewe. Wachuuzi wameshauzunguka. Jinzi zinaondoka kwanza, zinafuata gauni za watoto, kisha mashati yenye lebo za kuvutia. Chini kabisa, vikiwa vimejikunja ndani ya fulana za michezo, hubaki vipande vidogo vinavyoteleza mkononi: nguo za kuogelea. Mchuuzi mzoefu hahangaiki na rangi. Anatia vidole gumba ndani ya mkanda wa kiuno, anausogeza karibu na sikio, anauvuta, anauachia. Lastiki iliyo hai hurudi kimya. Iliyokufa hutoa mlio mkavu, kama majani makavu yakikanyagwa, na nguo hiyo hutupwa upande wa matambara.

Kipimo hicho hakichukui hata nusu dakika, nacho humweleza mnunuzi mambo ambayo lebo haimwambii. Nimekizingatia kwa sababu nguo za kuogelea ndizo zinazobeba siku hizi matangazo mengi ya biashara ya mavazi "yaliyorejelezwa", na kwa sababu naamini West Nile, kanda hii ya kaskazini magharibi mwa Uganda yenye Arua na Koboko, ina la kuufundisha ulimwengu katika jambo hili.

Tuanze na kile kinachouzwa Ulaya. Kampuni ya Aquafil ya Italia ilianza mwaka 2011 kutengeneza nailoni iitwayo Econyl katika kiwanda chake cha Ljubljana, Slovenia. Malighafi yake ni taka: nyavu za kuvulia zilizochakaa, mazulia mabovu, mabaki ya vitambaa viwandani. Taka hizo huvunjwavunjwa kikemia hadi zirudi kuwa kiungo cha awali cha nailoni, kisha uzi mpya husokotwa. Kazi hiyo ni ya kweli, na uzi wake hauna tofauti na nailoni iliyotokana na mafuta ghafi. Njia ya pili, ambayo ni rahisi zaidi, ni kuyeyusha chupa za plastiki na kuzigeuza nyuzi za poliesta. Hapo nina shaka. Chupa inaweza kurudi kuwa chupa tena na tena, lakini ikishakuwa kitambaa safari yake kwa kawaida huishia hapo.

Tatizo kubwa liko kwenye kile kisichotajwa katika tangazo. Nguo ya kuogelea haiwi nguo ya kuogelea bila nyuzi za kuvutika. Nyuzi hizo zilibuniwa na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1958, na dunia ikazijua kwa jina la Lycra. Katika nguo nyingi za kuogelea hufika takribani sehemu moja katika tano ya kitambaa. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayokufa kwanza. Klorini ya bwawa huila, joto huichosha, mafuta ya kupaka mwilini huilainisha. Na kwa kuwa imefumwa pamoja na nailoni, kuzitenganisha kiwandani ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo nguo iliyotokana na nyavu kuukuu, ikishachoka, si rahisi igeuzwe nguo tena. Nailoni inaweza kuwa na maisha ya pili na ya tatu. Lastiki inayo maisha mamoja tu.

Hilo nililijua kwa hasara. Miaka michache iliyopita nilinunua vazi jipya la kuogelea lenye lebo ya kijani na maneno mengi kuhusu bahari. Baada ya miezi kadhaa ya kuogelea katika bwawa la hoteli lenye klorini kali, kitambaa cha makalioni kilikuwa chepesi kama karatasi ya kufungia sigara. Jingine nililolichagua kwenye lundo la mivumba, la poliesta nzito isiyo na lebo yoyote inayosomeka, bado ninalo. Poliesta huvumilia klorini kuliko nailoni. Anayeogelea bwawani kila wiki ajue hilo kabla ya kuuliza habari za nyavu.

Basi mtu wa Arua anayetaka vazi lisiloumiza mazingira afanye nini? Jibu langu ni kwamba limeshafika sokoni. Halikuhitaji pipa jipya la mafuta wala kiwanda cha kuyeyushia. Lilihitaji meli hadi Mombasa, lori hadi Kampala, kisha safari ya karibu kilomita 500 kupitia Karuma na Pakwach. Safari hiyo ina gharama zake, na daraja la Karuma lilipofungwa Septemba 2024 kwa matengenezo, malori ya West Nile yalilazimika kuzunguka. Hata hivyo, kwa kila nguo iliyo hai lastiki yake, kuivaa tena kunaacha madhara madogo kuliko kutengeneza mpya, hata iwe ya nyavu.

Usafi ndio unaowatia watu wasiwasi, na wana haki. Tanzania ilipiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na vazi la kuogelea limekaa mpakani mwa nguo za ndani na za nje. Mafundi cherehani wana dawa ya jambo hili, nayo nimeitazama kwa makini. Fundi hulipindua vazi ndani nje, hufumua bitana ya katikati ya miguu kwa wembe, uzi kwa uzi bila kuchana kitambaa cha juu, huitupa na kukata mpya kutoka fulana safi ya pamba. Kabla ya kuishona hubadilisha sindano, huweka yenye ncha butu, kwa sababu sindano kali hutoboa nyuzi za kuvutika na baada ya wiki vitobo hukimbia kama soksi iliyochanika. Mshono ni wa zigizaga, kwa maana mshono ulionyooka hukatika siku ya kwanza mwenye vazi akichuchumaa. Mkanda wa kiuno ukiwa umelegea, hutoa lastiki ya zamani na kutia mpya akiivuta kidogo kwa mkono wa kushoto. Akimaliza, vazi huloweshwa kwa maji baridi yenye sabuni, husuuzwa mara mbili na kuanikwa kivulini. Jua la mchana la Arua, linalosifiwa kwa kukausha mihogo, ndilo adui wa lastiki.

Hapo ndipo thamani inapoongezeka. Nguo iliyokuwa karibu kutupwa imepata bitana mpya na mkanda mpya, na pesa ya kazi hiyo imebaki Arua. Nikisikia maneno "uchumi wa mzunguko" kwenye makongamano, namkumbuka yule fundi na wembe wake.

Ukitoka Arua kuelekea kaskazini, lami ya barabara ya Vurra hadi Oraba inakufikisha Koboko baada ya kilomita zipatazo 55, na biashara inabadilika sura. Koboko inapakana na nchi mbili, Sudan Kusini na Kongo, na sokoni bei hupatanwa kwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, wakati mwingine katika mauzo yaleyale. Kabla ya Julai 2016 mzigo mwingi ulivuka mpaka wa Oraba kwenda Kaya, Yei na Juba nchini Sudan Kusini. Vita vilipolipuka upya Juba mwezi huo, barabara ikawa ya hatari, pauni ya Sudan Kusini ikaporomoka, na wateja wengi wakaja wao wenyewe kama wakimbizi; kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe ilifunguliwa Agosti mwaka uleule. Mchuuzi aliyekuwa akiuza marobota mazima alijikuta akiuza kipande kimoja kimoja. Ninaloliheshimu kwa wafanyabiashara wa Koboko ni kwamba hawakufunga. Waligeukia Ingbokolo upande wa Kongo, wakageukia makambi, wakajifunza kuuza kidogo kidogo.

Koboko pia ina soko ambalo bado halijaguswa vya kutosha. Waislamu ni wengi hapa na Yumbe, na mama anayetaka binti yake ajue kuogelea hapati vazi la staha kwenye robota lililofungwa Ulaya. Vazi la kufunika mwili lililoitwa burkini lilibuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mwenye asili ya Lebanon. Huko Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi marefu ya aina hiyo, mahali ambapo kukosa vazi kulikuwa sababu kubwa ya kuwazuia. Malighafi ya vazi hilo ipo Koboko: suruali za kubana za mazoezi na fulana za mikono mirefu za poliesta, ambazo zimejaa kwenye mivumba. Fundi anayejua zigizaga anaweza kuziunganisha kiunoni, akaongeza sketi fupi na kifuniko cha kichwa. Yupo Kampala aliyeonyesha kwamba kushona upya mivumba kunaweza kuwa biashara ya hadhi: mbunifu Bobby Kolade, kupitia jina lake la Buzigahill, hufumua nguo za mitumba, huziunda upya na kuziuza kulekule zilikotoka, chini ya mradi alioupa jina lenye maana ya kumrudishia mtumaji.

Sera ndiyo inayotia hofu. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kupunguza mitumba hadi iondoke kabisa kufikia 2019. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, na tishio la kufutiwa nafuu ya AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru, likazifanya Kenya, Tanzania na Uganda zirudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Agosti 2023, akiwa Mbale, Rais Museveni alitangaza kuwa mitumba haitakubaliwa tena Uganda, akasema ni nguo za wafu. Marobota bado yanafika.

Nauelewa uchungu wa wanaotaka viwanda vya hapa. Lakini kiwanda cha pamba hakitatoa vazi la kuogelea, kwa maana pamba hunywa maji na kumvuta mtu chini. Marufuku ya jumla itamwondoa fundi na wembe wake kabla ya kuleta chochote mahali pake.

Kinachoharibu biashara hii kwa sasa ni hali ya mzigo. Robota hununuliwa likiwa limefungwa, na mama aliyekopa kwenye kikundi chake cha akiba hulipa bei ileile hata kama theluthi ya mzigo ni lastiki iliyokufa. Ushuru wa pamoja wa kanda, asilimia 35 ya thamani au kiwango maalumu kinachotozwa kwa dola kwa kila kilo, kile kilicho kikubwa, hautofautishi nguo nzima na takataka. Hasara inamwangukia yeye, na takataka zinauangukia mji: nyuma ya soko huchomwa jioni, moshi mweusi, matone ya nailoni yakidondoka na kuganda mchangani. Kama forodha ingepima ubora pamoja na uzito, na muuzaji wa jumla akalazimishwa kufungua robota moja kati ya kumi mbele ya mnunuzi, moto ule ungepungua.

Wanawake wa Arua wameshaanza kujilinda wenyewe. Watatu au wanne huchanga kununua robota moja, hulifungua pamoja kwenye turubai, na huvuta kila mkanda karibu na sikio kabla ya kugawana.