Pikipiki Yako Inavuta Vumbi Gani?

Vijana wa boda wanaofika gerejini kwangu hapa Ukunda siku hizi wana ombi moja. Wanataka lile sanduku jeusi la hewa lililo chini ya kiti litolewe, na mdomo wa kabureta ufungiwe chujio la koni, jekundu au la buluu, lenye pete ya kromu. Wameliona kwenye simu, wameupenda mngurumo wake, na wameambiwa linaongeza nguvu. Kwa wengi wao pikipiki hiyo ndiyo riziki yote ya nyumbani, na mkopo wake bado unalipwa. Ndiyo maana huwakalisha kitako kwanza kabla sijashika spana.

Petroli haiungui bila hewa. Gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Piga hesabu: lita moja unayotia ukitoka Kombani hadi Msambweni humeza lita 9,000 hivi za hewa. Hewa yote hiyo hupita kwenye chujio, ikashuka kwenye mpira wake, ikakutana na petroli kwenye kabureta, ndipo ikaingia kwenye silinda. Kwa hiyo anayesema kwamba hewa zaidi yaweza kuleta nguvu zaidi hasemi uongo. Pikipiki za mashindano hufunguliwa njia ya hewa kwa sababu hiyo hiyo. Ila injini zile zimejengwa kwa mizunguko ya juu, kuanzia kamshafti hadi ekzosi. Boxer au TVS ya kubebea abiria na gunia la nazi imepangwa ivute kwa mizunguko ya chini na ya kati, na lile sanduku ni sehemu ya mpango huo. Hutuliza hewa kabla haijafika kwenye kabureta, na huichukua mahali penye ubaridi kuliko ubavuni mwa injini. Hewa ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hupungua uzito kwa asilimia 3 hivi, na koni iliyokaa karibu na silinda huvuta hewa ya moto mchana kutwa.

Tena, sisi wa Pwani tumejaliwa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu sehemu moja ya sita. Kijana wa Diani, hata bila kununua kitu, anapata hewa nzito ambayo mwenzake wa Nairobi hawezi kuipata kwa koni yoyote.

Majuzi kijana mmoja wa Mwabungo aliniambia, "Ami, nifungie tu. Nikipakia watu wawili kupanda mlima wa Kwale inachoka." Nilimwomba atoe plagi. Ncha yake ilikuwa nyeusi tititi. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi petroli. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi hewa. Tukafungua sanduku. Sponji ya chujio ilikuwa imejaa udongo mwekundu, imekuwa nzito mkononi. Pikipiki yake ilikosa hewa kwa sababu ya uchafu. Tukaweka sponji mpya na kusafisha plagi, akaondoka na nguvu ambazo chombo hicho kilizaliwa nazo.

Angefunga koni bila kugusa kabureta, angehamia upande wa pili. Hewa ingezidi, petroli ingebaki ile ile. Injini huanza kupata joto, hupiga chafya kwenye kabureta, huyumba ukivuta mafuta ghafla, na mwisho wake ni valvu iliyoungua au pistoni iliyotoboka. Anayetaka koni sharti abadilishe jeti kubwa, arekebishe na sindano, kisha asome plagi baada ya mwendo wa kweli. Kabureta nyingi za sasa huinua sindano kwa mvuto wa hewa, na mvuto huo huvurugika sanduku likiondoka. Kuisawazisha ni kazi ya siku nzima, si ya dakika tano.

Lakini hofu yangu kubwa zaidi ni mchanga wetu. Udongo mwekundu wa Kwale una madini ndani yake. Kampuni ya Base Titanium ilichimba hapa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, ikitoa ilmenaiti, rutaili na zikoni katika mchanga huo huo. Zikoni, na hata chembe za kawaida za mchanga, ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe ikipenya chujio hujichanganya na oili ikawa msasa kati ya ringi na silinda. Utaona moshi wa buluu, oili inapungua bila kuvuja, kiki inakuwa laini mguuni. Hapo ni kuchonga silinda na kununua pistoni ya saizi kubwa. Januari na Februari, kaskazi ikivuma kukavu, pita njia ya Kinango au njia za mashamba ya miwa ya Ramisi nyuma ya lori, utajua ninasema nini. Masika nayo huja na maji, na koni iliyo wazi haina pa kujificha.

Jaribio langu ni hili. Toa mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye kabureta, funga kidole kwa kitambaa cheupe, pangusa ndani. Kitambaa kikitoka na wekundu, vumbi linapita, hata kama chujio lenyewe linapendeza.

Anayetaka kuboresha kwa haki abaki na sanduku. Yapo machujio ya pamba yenye mafuta, aina iliyotangazwa sana na kampuni ya K&N tangu 1969, yanayokaa ndani ya sanduku la asili; hakikisha tu kingo zimebana pote. Mwenye sponji aioshe kwa maji ya sabuni, aikamue bila kuisokota, aianike kivulini, kisha aitie oili safi na kuikamua iliyozidi. Asiioshe kwa petroli. Huilegeza sponji, na moto hauna rafiki. Chujio la karatasi halioshwi. Likichakaa, badilisha.

Anayekaa kwenye lami ya Diani afungue sanduku kila anapobadilisha oili. Wa Kikoneni, Lunga Lunga na Kinango wafungue kila wiki wakati wa kiangazi. Naziomba steji zetu zitenge sehemu ya mchango wa kila siku kwa sponji za akiba. Pesa ya koni moja inaweza kuhudumia pikipiki kadhaa, na kila moja itaendelea kupanda mlima wa Kwale na abiria wake.