Mtoto akichelewa kulia: Kwa nini seli za ubongo huendelea kufa hata akishapumua

Mtoto amezaliwa hajalia. Mkunga amemkausha, amemsugua mgongo, amemsaidia kwa mfuko wa hewa na sasa anapumua. Ndugu huko nje wanamshukuru Mungu. Lakini ndani ya ubongo hatari bado haijapita.

Seli hufa vipi?

Kwa lugha rahisi, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya ghafla: seli inakosa oksijeni, inavimba na kupasuka. Ya pili ni ya mpango: seli inawasha vimeng'enya vyake yenyewe, inajikata vipande vidogo na seli jirani zinavimeza. Njia hii ilipewa jina la apoptosisi mwaka 1972.

Kujiua huko kwa seli si kubaya siku zote. Vidole vya mtoto hutengana akiwa tumboni kwa sababu seli zilizo katikati yake hufa kwa mpango. Ubongo nao hutengeneza seli za neva nyingi kuliko zinazohitajika, kisha hupunguza zile za ziada.

Tatizo liko wapi?

Ubongo wa kichanga una mfumo huo tayari, hivyo ukikosa hewa wakati wa kujifungua ni rahisi mfumo kuwaka pasipotakiwa. Seli nyingine hufa palepale. Nyingine hupata nafuu hewa inaporudi, halafu baada ya saa kadhaa zinaishiwa nguvu tena na kuanza kujiua. Ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana katulia asubuhi, usiku akashikwa na degedege.

Madaktari hutumia kipindi hicho cha katikati. Kwenye hospitali zenye chumba kamili cha uangalizi maalumu, mtoto aliyeathirika huanza kupozwa ndani ya saa 6 za mwanzo, mwili ukishushwa hadi nyuzi joto 33 au 34 kwa saa 72. Baridi hiyo hupunguza kasi ya seli kujiua.

Usijaribu nyumbani

Tiba hii haifai kila mahali. Utafiti wa HELIX uliotolewa mwaka 2021 ulihusisha watoto 408 nchini India, Sri Lanka na Bangladesh. Waliopozwa walifariki asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31. Kwa hiyo bila agizo la daktari, kichanga anatakiwa kuwa na joto: avikwe kofia na akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Kama mtoto alichelewa kulia, usikubali kuondoka naye hospitalini mapema. Mkishafika nyumbani, mrudisheni haraka mkiona:

- anashtuka au kukakamaa
- amelegea
- hanyonyi
- haamki kirahisi
- anapumua kwa shida

Msiseme "tusubiri kupambazuke." Seli za ubongo zikishakufa, hakuna dawa ya kuzirudisha.