Nyota Tatu Kwenye Kompyuta: Anza na Mahali Patupu

Wasomaji wanauliza karibu jambo moja: wameingiza nyota tatu za Alpha Centauri kwenye programu ya kuiga anga, mbona baada ya muda zinatawanyika? Angani hazijatawanyika. Ukitazama kusini saa tatu usiku mwezi Juni, ukiwa Nairobi au Mtwara, utaiona Alpha Centauri iking'aa. Kilichokosewa ni mpangilio na hatua za hesabu.

Wengi bado wanaamini kwamba nyota kubwa hutulia na ndogo huizunguka. Si kweli hata kidogo! Nyota mbili kubwa za mfumo huu, A na B, zote huzunguka kitovu cha uzito, mahali patupu katikati yao. Mbeba mzega mwenye ndoo zisizolingana husogeza bega upande wa ndoo nzito. Vivyo hivyo A, yenye uzito mara 1.08 ya Jua, iko karibu zaidi na kitovu kuliko B yenye 0.91. Njia zao ni duaradufu ndefu. Kila miaka 80 hivi hukaribiana hadi mara 11 ya umbali wa Dunia na Jua, kisha huachana hadi mara 35. Zilikaribiana 1955, zitakaribiana tena 2035.

Hapo ndipo kompyuta huponzwa. Programu inayokokotoa uvutano, kama Universe Sandbox, huenda hatua kwa hatua. Kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, hupimwa uvutano, nyota ikasogezwa kwa mstari ulionyooka, kisha hupimwa tena. Lakini njia halisi imepinda, hivyo kila hatua huiacha nyota nje kidogo ya njia yake. Kosa hujilimbikiza, na mfumo hupata nishati isiyotoka popote. Nyota zinapokaribiana huenda kasi zaidi, uvutano hubadilika upesi, na hatua ileile ya muda huzaa kosa kubwa zaidi. Mwishowe hurushwa nje.

 

Nyota ya tatu, Proxima, iliyogunduliwa na Robert Innes huko Johannesburg mwaka 1915, huzizunguka zote mbili kwa zaidi ya miaka 500,000. Kwa umbali wake, A na B ni kama mzigo mmoja. Basi weka kwanza kitovu cha A na B, uipange jozi hiyo, halafu uweke kitovu kikubwa cha jozi hiyo na Proxima. Fupisha hatua za muda. Ukitumia programu ya Celestia, andika duaradufu sahihi tu. Yenyewe haikokotoi uvutano.