Ghorofa za Viwanda vya Zamani

Katika mtaa wa SoHo, mjini New York, ghorofa moja ya jengo lililokuwa kiwanda huuzwa leo kwa mamilioni ya dola. Matangazo husifu nguzo za chuma na madirisha mapana. Ndugu msomaji, madirisha hayo yalipanuliwa kwa ajili ya nani?

Hayakuwekwa kwa ajili ya kutazamia mji. Yalijengwa katika karne ya 19, kabla umeme haujaenea, na mfanyakazi alihitaji mwanga wa jua ili kazi isisimame. Viwanda vilipohama, wasanii wakaingia kinyume cha sheria, hata jiji likawaruhusu mwaka 1971. Mwaka 1968 msanii Donald Judd alinunua jengo zima la orofa tano kwa dola 68,000 tu.

Mwaka 1973 mtaa ukatangazwa kuwa hifadhi ya kihistoria. Amri hiyo ililinda chuma na matofali, si wakazi. Mfanyakazi alikwisha ondoka. Wasanii wengi nao wakafukuzwa na bei. Mji unaohifadhi kuta na kuwasahau waliozipa uhai umehifadhi ganda, kiini umekiuza.