Siti binti Saad na Dharau za Watu

Wazee wetu wa Unguja walizoea kumtaja Siti binti Saad kwa sauti yake. Sisi twapenda kumtaja kwa dharau alizozivumilia, maana twawaona vyuoni mwetu watoto wakimcheka mwenzao kwa kanzu yake yenye kiraka, au wakimwuliza babu yake ni nani. Na wakubwa husikia wakanyamaza.

Bibi huyu alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Jina hilo latosha kuzieleza zama zenyewe. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu mafukara. Hakujua kusoma wala kuandika. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akavichukua vyungu kwenda kuviuza kwa miguu, akivinadi njia nzima. Na kunadi huko ndiko kulikoijulisha sauti yake kabla mwenyewe hajajulikana.

Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akafunzwa kuimba kwa Kiarabu. Maneno ya lugha isiyokuwa yake aliyahifadhi moyoni, bila ya daftari. Nanyi vijana wetu, wenye daftari na kalamu, mwatuambia somo ni gumu!

Alipopata sifa ndipo masimango yalipozidi. Wenye husuda walimtungia wimbo wa kumsuta kwa ufukara na asili yake. Hakuwatukana, wala hakuukana ufukara wake. Aliwajibu kwa wimbo pia, akiwaonyesha kuwa akili ndiyo impayo mtu daraja. Mtume wetu (S.A.W.), katika Hija yake ya kuaga, alikwisha kuyavunja majivuno ya ukoo na rangi, lakini neno hilo lina uzito kuingia vifuani mwa watu, hata tulio safu ya mbele msikitini. (Ama habari ya muziki wenyewe, maulamaa wamehitilafiana, nasi hatukukusudia kuifungua mas'ala hiyo hapa.)

Mwaka 1928 alisafiri kwenda Bombay pamoja na wenziwe, wakaimba kwa Kiswahili katika sahani za santuri, na sahani hizo zikasikilizwa pwani nzima, hata katika nyumba ambazo zamani angaliingia kwa mlango wa uani na chungu chake.

Alifariki mwaka 1950. Muda si mrefu kabla ya hapo Shaaban Robert alionana naye, kisha akauandika wasifu wake. Na yule aliyezaliwa akiitwa Mtumwa yumo kitabuni kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.